Pasi ya Ampea Tano

Inspekta Simeoni Alute alichuchumaa katikati ya majivu, akaiokota pasi na kuigeuza huku na huku. Mpini wake wa plastiki ulikuwa umeyeyuka ukawa donge jeusi, lakini tumbo lake la chuma lilikuwa zima. Waya wake uliungua ganda lote, zikabaki nyuzi tupu za shaba hadi kwenye plagi.

"Ndiyo hiyo iliyolimaliza duka, afande," alisema Koplo Antipasi, msimamizi wa kituo kidogo cha hapo, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi na sasa anasubiri chakula. "Plagi tumeikuta bado imo kwenye soketi. Mtuhumiwa ninaye mahabusu, kesho asubuhi namsafirisha Singida mahakamani. Imebaki wewe kuweka sahihi tu."

"Sahihi yangu ina uvivu, Antipasi. Haitoki mpaka ibembelezwe."

Kabla ya kuvaa magwanda ya polisi, Alute alisomea umeme katika shule ya ufundi, na mpaka mwaka huo wa 1993 bado alitembea na mita yake ya kupimia kwenye mkoba, mahali ambapo wenzake waliweka soksi za akiba. Ofisini Singida walimcheka, wakambatiza jina la Fundi Redio. Aliwaacha wacheke, kwa sababu kesi alizozipeleka mahakamani hazikuwa na tabia ya kurudi.

Alisimama akatazama palipokuwa duka. Biashara ilipofunguliwa milango, kila mwenye uwezo alileta alichoweza, naye Mzee Abdillahi alileta mitumba. Marobota yalipanda lori kutoka mjini hadi Itamboa, senta iliyo mbele kidogo ya Mtinko kwa njia ya Nduguti, yakafungiwa kwenye stoo ya nyuma. Mbele palikuwa na duka lenyewe, na dukani ilikuwamo cherehani ya Luciana, aliyeshona palipofumuka na kuipiga pasi kila nguo kabla haijatundikwa. Jumapili alasiri vyote hivyo viliteketea.

Hakufa mtu. Lakini siku hiyohiyo Mzee Abdillahi alisimama barabarani, senta nzima ikimtazama, akapaza sauti kwamba Luciana amemchomea duka. Kwa maneno hayo binti wa watu alikuwa amekwisha hata kabla hakimu hajamwona. Hata kama mahakama ingemwachia, hakuna mama wa Itamboa ambaye angempelekea tena kitambaa chake akishone.

Alute alizunguka nyuma, kwenye majivu ya stoo. Akachokoa kwa kijiti, akavuta utepe mwembamba wa chuma uliojikunja kwa moto. Aliutazama kwa muda, akamkabidhi koplo.

"Tafuta chekeche na askari wawili," alisema. "Majivu yote ya stoo yapite humo. Tepe kama hii ukiipata, weka kando."

"Tepe za kufungia marobota, afande? Za nini?"

"Nikijua za nini sitakusumbua kuchekecha."

* * *

Luciana alitolewa mahabusu akaketi kwenye benchi la kituo, kanga imemshuka mabegani. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, vidole vyake vina makovu madogomadogo ya sindano.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Umekula?"

"Sina hamu."

"Utakula tukimaliza. Jumapili uliwasha pasi ya umeme?"

"Hapana. Ile pasi sijaiwasha hata siku moja. Mzee aliileta kutoka Dar es Salaam, akasema umeme wa nguzo ukifika huku tutaitumia. Ilikaa rafuni ndani ya boksi lake. Mimi natumia ya mkaa, tena napigia barazani, maana cheche zikirukia nguo ndani, au jivu likiangukia shati jeupe, hasara ni yangu."

"Hiyo ya mkaa iko wapi?"

Koplo alijibu kutoka mlangoni. "Tuliikuta barazani, afande. Imefungwa, ndani haina kitu."

"Makaa nilishayamwaga," alisema Luciana. "Kazi ya pasi niliimaliza adhuhuri. Nikayamwaga mchangani, nikayamwagia maji."

"Na moto ulipoanza, ulikuwa wapi?"

Hapo aliivuta kanga mabegani. Kisha akainua uso.

"Nilikuwa nimetoka. Nilikwenda mlangoni kwa Hezekia kuchungulia video. Duka niliacha wazi. Kosa hilo ni langu, silikatai mbele yako wala mbele ya hakimu. Lakini duka sikulichoma."

Jibu hilo lilimpendeza Alute. Mwongo angeanza kwa kukana kwamba alitoka.

"Ukiacha wewe na mzee, nani mwingine anaingia dukani apendavyo?"

"Shamte. Shemeji yake mzee. Ndiye anayeshika ufunguo wa stoo."

"Alikuwepo Jumapili?"

"Alikuwa anapitapita. Ndiye aliyesema ameiona pasi inawaka." Alitazama barabara kupitia mlangoni. "Afande, kesho nikipandishwa kwenye gari na pingu, mama yangu atakuwa barabarani anauza karanga. Ataniona."

"Kesho bado haijafika," alisema Alute, akaondoka kwa hatua ndefu.

* * *

Nguzo za umeme zilikuwa zimeishia Singida mjini. Itamboa umeme ulikuwa wa mtu mmoja, Hezekia, mwenye banda la video, na uliishi ndani ya jenereta moja ndogo iliyofungwa kwa mnyororo kwenye mti nyuma ya banda. Kwa ujirani, Hezekia alikuwa amevuta waya mmoja juu ya paa hadi dukani kwa Mzee Abdillahi, wa taa moja na soketi moja ya redio. Sasa waya huo ulimkosesha usingizi.

"Watu wanasema waya wangu ndio uliopiga shoti, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Nina watoto mimi. Kama ni kunifungia banda, niambie mapema nijue moja."

"Nani amekutajia banda? Nionyeshe mashine."

Alute aliinama, akapangusa mafuta kwenye kibati kilichopigiliwa ubavuni mwa jenereta. Akasoma: volti 220, ampea 3. Akatingisha kichwa kama mtu aliyesalimiwa na rafiki.

"Jumapili uliiwasha wakati gani?"

"Mkanda ulipoanza. Petroli siichezei. Bila mkanda jenereta haiungurumi hapa."

"Kabla ya mkanda hapakuwa na umeme kwa mzee?"

"Utoke wapi?"

"Na uliizima lini?"

"Watu walipopiga kelele za moto. Nilikimbia nikaizima kwa mkono wangu huu. Picha ilikuwa bado inakwenda."

"Kabla ya hapo picha ilitingishika? Ilisinyaa? Ilififia?"

Hezekia karibu acheke. "Afande, wewe huwajui watu wa Itamboa. Hapa kwangu sheria ni moja. Picha ikisinyaa au ikizimika, mkanda unarudishwa nyuma, kila mtu akione tena kipande alichonyimwa. Nisiporudisha, wanang'oa mabenchi. Jumapili sikurudisha hata mara moja."

Kwenye kivuli cha banda alikuwa ameketi Mzee Mboni, aliyejulikana kwamba hajawahi kukosa mkanda tangu banda lijengwe. Alute alimwendea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hezekia anasema Jumapili picha haikutingishika."

"Haikutingishika. Ningejua, maana mluzi wa kwanza huwa naupiga mimi."

Walipokuwa wakirudi kituoni, Koplo Antipasi alikuna kidevu. "Kwa hiyo shoti hakuna?"

"Waya ukipiga shoti, picha inakufa papo hapo. Picha ilikuwa hai mpaka Hezekia alipozima mwenyewe. Mwambie alale."

"Basi inabaki pasi, na pasi ni Luciana."

"Inabaki pasi," alikubali Alute. "Lakini pasi hatujaiuliza kitu."

* * *

Shamte alikuja kituoni amevaa shati la mtumba la daraja la kwanza, lenye kola ngumu, na viatu vilivyong'arishwa. Alisalimia vizuri, akaketi vizuri, akaweka mikono magotini.

"Simulia tena," alisema Alute. "Polepole. Koplo anaandika."

"Jumapili nilipita dukani kuchukua sigara zangu. Nikaiona pasi ya umeme imechomekwa, imelazwa juu ya nguo, imeshika moto sana. Moshi ulishaanza kutoka chini yake."

"Hukuichomoa?"

"Mimi na umeme, afande, tunaogopana. Nilitoka kumtafuta Luciana. Ndiye mwenye kazi yake."

"Ulimpata?"

"Nilimtafuta uani, chooni, kote. Kumbe yuko kwenye video. Nimegeuka hivi, naona paa linatoa moshi."

"Ulipokuwa dukani, video ilikuwa inaendelea?"

"Inaendelea vizuri kabisa. Nilisikia mateke, na watu wanashangilia."

"Na pasi inawaka wakati huohuo?"

"Inawaka wakati huohuo."

"Tangu uione hadi moshi kutoka paani, mtu angeweza kula chakula akamaliza?"

"Angemaliza na kunawa."

"Wakati wote huo imechomekwa."

"Imechomekwa, afande. Naapa mbele ya Mungu."

"Mungu tumwache, amechoka na viapo vya vituo vya polisi." Alute aliegemea kiti. "Wewe mwenyewe umewahi kutumia pasi ya umeme?"

Shamte alitabasamu. "Nitaitumia wapi, Itamboa hii?"

"Hilo nimelipenda. Koplo, liandike na hilo."

* * *

Mita ya Alute ilikuwa ya sindano, na sehemu yake ya kupima ukinzani ilitegemea betri ndogo ya ndani. Aliifungua mgongoni. Betri ilikuwa imevuja na kuoza, na madukani Itamboa haikupatikana ya ukubwa ule.

"Basi tena," alisema Koplo Antipasi, asifiche furaha yake.

"Basi tena nini? Volti na ampea mita inazipima bila betri. Nikizipata hizo mbili, ukinzani nautoa kichwani. Fungua boneti ya Landrova."

Aliikwangua pasi iliyoungua kwa kisu, akazipata ncha mbili za waya wa ndani, ule unaojikunjakunja na kuleta moto. Akazifunga nyaya mpya, akazipeleka kwenye betri ya gari. Sindano ya volti ilisimama kwenye kumi na mbili. Kisha akaipachika mita katikati ya njia ili umeme wote upite ndani yake, akainama kuisoma ampea.

"Sifuri nukta ishirini na saba," alisema. "Karibu usome na wewe, usije ukasema nimetunga."

Koplo alisoma. "Ni hiyo."

"Sasa sikiliza. Ukinzani ni jinsi waya unavyoubania umeme usipite ovyo. Nimeusukuma kwa volti kumi na mbili, zikapenya ampea sifuri nukta ishirini na saba. Gawa volti kwa ampea. Unapata omu arobaini na nne na kadogo, na hako kadogo sitakagombania."

"Hiyo ni kwenye betri ya gari. Dukani umeme ulikuwa wa jenereta."

"Swali zuri. Waya wa pasi ni uleule, unabana vilevile. Hata ukipata moto haubadiliki sana, ndivyo ulivyotengenezwa. Ungekuwa waya wa balbu ningekaa kimya, kwa sababu wa balbu hubadilika mno. Kwa hiyo chukua volti mia mbili na ishirini za Hezekia, gawa kwa omu arobaini na nne."

Koplo alihesabu kwa midomo. "Tano."

"Ampea tano. Kibati cha jenereta kinasema ampea ngapi?"

Koplo alimtazama. Uvivu wote ulimtoka usoni. "Tatu."

"Tuendelee. Nguvu ni volti mara ampea. Jenereta, mia mbili na ishirini mara tatu, inatoa wati mia sita na sitini, basi, haina nyingine. Pasi, mia mbili na ishirini mara tano, inataka wati elfu moja na mia moja. Na televisheni, deki, spika na taa ya banda vimeshakula vya kwao. Shamte anataka tuamini kwamba mashine hiyo iliilisha pasi hii, tena kwa muda wa mtu kula na kunawa, na picha isitingishike."

"Afande," alisema koplo polepole, "hizi omu hakimu atazielewa?"

"Hakimu ana macho, na Itamboa ina macho. Nenda kaite watu. Mwambie Hezekia aweke mkanda uleule wa Jumapili. Mzee Abdillahi awepo, Shamte awepo. Na Luciana umlete."

* * *

Alasiri banda lilijaa hadi nje. Turubai la upande mmoja lilikunjwa ili walio uani waone. Mzee Abdillahi alipewa kiti, akakaa na fimbo yake kati ya magoti, uso umefungwa. Hakumtazama Luciana, aliyekuwa kwenye benchi la pembeni na pingu zake. Shamte alisimama nyuma ya kiti cha shemeji yake.

Hezekia aliwasha. Mkanda ukaanza, watu wakasahau polisi. Nje ya mlango, juu ya mawe matatu, Alute alikuwa ameiweka pasi iliyoungua, imefungwa nyaya mpya. Alichomeka mita kwanza, akamwita Mzee Abdillahi atazame sindano.

"Mia mbili na ishirini," mzee alisoma.

"Asante. Bwana Shamte, njoo karibu. Jumapili pasi ilikuwa imechomekwa na picha inakwenda hivi?"

"Hivihivi, afande."

"Mbele ya watu wote hawa unasema hivyo?"

"Nasema."

Alute aliunganisha pasi.

Jenereta ilitoa mlio mzito wa kukabwa. Taa ya banda ikafifia hadi ikawa nyekundu ya kaa, na picha ikajikunja kutoka pande zote, ikasinyaa ikawa kama sahani, kisha giza likatanda juu ya kioo. Sindano ya mita iliporomoka hadi mia moja na thelathini. Mluzi ukapasua banda, mkali na wa kizee, ukafuatwa na mingine chungu nzima. "Rudisha! Hezekia, rudisha!"

Alute alichomoa pasi. Jenereta ikapumua, taa ikarudi. Akamwashiria Hezekia asimamishe mkanda, akasubiri kelele zipungue.

"Jumapili mlipiga miluzi hii?"

"Hatukupiga," banda lilijibu.

"Mkanda ulirudishwa?"

"Haukurudishwa."

Alute aligeuka. "Umesikia, Bwana Shamte. Unasema uliona kwa macho kitu ambacho jenereta hii haiwezi kukifanya."

Jasho lilikuwa limeiharibu kola nzuri. "Labda ilichomekwa kidogo tu, afande. Dakika moja hivi."

"Hata kwa dakika moja Mzee Mboni angepiga mluzi. Na wewe ulituambia ni muda wa mtu kula akamaliza na kunawa."

"Basi labda moto wake ulipunguzwa."

"Utaupunguzia wapi? Itazame. Pasi hii ni ya aina ya bei nafuu, haina kitufe cha kupunguza. Ni kuchomeka na kuchomoa. Aliyewahi kuitumia hata siku moja angejua."

Shamte aliitazama pasi, na kweli alionekana anaiona kwa mara ya kwanza.

"Nitakwambia ulipokosea," alisema Alute, bila kupandisha sauti. "Ungeisingizia pasi ya mkaa, mimi leo ningeweka sahihi nikaenda zangu Singida, na huyu dada angefungwa. Kila mtu anajua pasi ya mkaa inachoma. Lakini ukaona ya umeme ina hadhi, ndiyo itakayotisha watu. Ukadhani umeme wa pasi na wa taa ni mmoja, ukishachomeka ni basi. Ukaitoa kwenye boksi, ukaichomeka bila kujua kwamba soketi ina swichi yake na imezimwa, ukaisingizia ulaji ambao jenereta haiuwezi."

"Kwa nini nichome duka la shemeji yangu? Ninakula humo."

"Swali hilo aulizwe mzee." Alute aliinua mkono, na Koplo Antipasi akaleta karai. Ndani yake kulikuwa na tepe za chuma, nyeusi kwa masizi. "Mzee Abdillahi, stoo ilikuwa na marobota mangapi?"

"Kumi. Nilifunga mlango mwenyewe lilipokuja lori la mwisho, nikampa huyu ufunguo."

"Robota moja lina tepe ngapi?"

"Nne."

"Askari wa Koplo wamechekecha majivu yote ya stoo tangu asubuhi, mikono yao ni shahidi. Nguo inaungua, mzee, lakini chuma cha tepe hakiungui. Zihesabu."

Mzee Abdillahi aliinama akazihesabu, akiziweka chini moja moja. Zilikuwa nane. Alipomaliza alibaki ameinama.

"Marobota mawili," alisema.

"Mawili ndiyo yaliyoungua. Manane hayakuwemo. Stoo tupu haielezeki siku mwenye mali atakapoifungua, ila kama imeungua. Na hakuna saa nzuri ya kuingia na mafuta ya taa kuliko Jumapili alasiri, watu wote wakiwa humu wanatazama mateke."

Mzee Abdillahi alisimama. Alikuwa mrefu kuliko shemeji yake, na uzee haukuwa umempunguza urefu.

"Ijumaa ulipakia lori. Ukaniambia ni alizeti ya watu."

Shamte aliinamia viatu vyake.

"Shamte. Dada yako yuko nyumbani kwangu anapika. Nikirudi nimwambie nini?"

"Marobota yapo Sekenke," alisema Shamte, kwa sauti ndogo. "Kwa wachimbaji. Yapo bado, mengine hayajafunguliwa."

Koplo Antipasi alimwendea Luciana, akafungua pingu, kisha akavuka banda akazifunga kwenye mikono ya Shamte. Alifanya yote hayo bila kumwangalia Inspekta, kwa aibu.

Luciana alibaki ameketi, akijisugua vifundo vya mikono. Mzee Abdillahi alimkaribia, akasimama mbele yake, fimbo inahama kutoka mkono huu kwenda huu.

"Luciana, mwanangu. Kwa nini hukuniambia kwamba ile pasi hujawahi kuigusa?"

"Nilikuambia, mzee. Siku ileile, majivu bado ya moto. Ukasema Shamte hawezi kukudanganya."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. Alikumbuka, na ilimuuma wazi mbele za watu.

"Yamekwisha," alisema. "Tutajenga upya. Nitakununulia cherehani nyingine, kubwa kuliko ile. Kesho njoo nyumbani tuzungumze."

"Cherehani baadaye, mzee. Kwanza waambie hawa." Luciana alionyesha kwa kidevu banda lote, na walio uani, na mama mmoja mwenye ungo wa karanga aliyesimama karibu na turubai, kanga mdomoni. "Uliponitaja uliwatajia hawahawa."

Alute alijishughulisha na nyaya zake, akizikunja polepole kuliko ilivyohitajika. Kwa mfanyabiashara wa umri ule, mwenye heshima ya msikitini na sokoni, kuomba radhi chumbani kulikuwa jambo dogo. Hadharani lilikuwa jambo lingine.

Mzee Abdillahi alivua kofia yake. Akaigeukia hadhira.

"Luciana hakunichomea duka," alisema. "Nilimsingizia."

Sauti ilikuwa imekauka, haikufika mbali. Watu wa mbele walisikia wakainamisha macho. Kutoka uani, yule mama wa karanga aliutoa upindo wa kanga mdomoni.

"Baba," alisema kwa adabu yote, "huku nyuma hatukusikia."

Mzee Abdillahi alipanda juu ya benchi, akakohoa, akasema tena kwa sauti kubwa.